Anayelipa Hasomi, Anayesoma Halipi

Leo nimeombwa nizungumzie kazi inayonilisha, kazi ya kutafsiri, nami nimekubali kwa sharti moja: nisiulizwe nimetafsiri vitabu gani. Kila nikitaja kazi yangu, hilo ndilo swali la kwanza. Na nikijibu kwamba hakuna kitabu hata kimoja dukani chenye jina langu, naona macho ya aliyeuliza yanahama, anaanza kumtafuta mwingine wa kuzungumza naye.

Ninachotafsiri mimi ni karatasi ambazo hakuna azipendaye. Fomu za ridhaa za utafiti wa dawa. Ile karatasi nyembamba inayokunjwa na kukunjwa tena mpaka iingie kwenye boksi la vidonge. Madodoso. Masharti ya mikopo na ya bima. Miongozo ya mashirika kuhusu ulinzi wa watoto. Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya shule, ambavyo ubalozi unavitaka kwa lugha yake kabla kijana hajapata viza. Na yale maneno mafupi ya kwenye simu yako, "endelea", "ghairi", "jaribu tena baadaye": kuna mtu aliketi mahali akayaandika, na huenda siku hiyo umeme ulikuwa umekatika na alikuwa anamalizia chaji. Unatusoma kila siku, msikilizaji, ila hutujui.

Sasa, ninalotaka kulisema ni hili. Ukienda soko la Feri, hapa Dar es Salaam, kununua samaki, unamfunua shavu mwenyewe. Likiwa limepauka, unamrudisha mezani na kusogea kwa muuzaji wa pili. Anayelipa ndiye atakayekula, kwa hiyo muuzaji anamwogopa. Katika kazi yangu watu hao wawili wametenganishwa. Anayelipa yuko Geneva, au Nairobi, au ghorofa ya sita pale Masaki, na mara nyingi hajui Kiswahili, au anakijua cha kuagizia chai. Anayesoma yuko Korogwe, yuko Kilwa, yuko Kwale, na hana habari kwamba kuna mtu amelipwa ili yeye asome. Karatasi ikiwa mbovu hairudishwi, maana aliyeilipia hauoni ubovu wake, na anayeuona hana pa kuipeleka. Anayelipa hasomi, anayesoma halipi. Mimi nimesimama katikati, na karibu kila kero ya kazi hii inaanzia hapo.

Chukua malipo yenyewe. Tunalipwa kwa neno: maneno ya maandishi uliyopewa yanahesabiwa na kompyuta, kila neno kwa senti chache za dola. Utaratibu huu uliwekwa na watu wa lugha nyingine. Mwingereza akitaka kusema "sitawapikia" anahitaji maneno sita. Basi ukitafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, hesabu inakuwa upande wako. Geuza sasa: umepewa mahojiano ya wakulima wa Mbarali, yamenakiliwa kutoka kwenye kinasa sauti, uyapeleke kwenye Kiingereza. Utaandika maneno mengi kuliko uliyolipiwa. Na hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi, kumfuata mkulima anayeruka kutoka kwenye mpunga kwenda kwa mkwewe, akarudi kwenye mfereji, halafu akakuachia methali bila kukuambia inamhusu nani. Nimewaeleza mawakala jambo hili kwa adabu. Hunijibu kwa adabu vilevile: bei ni bei. Kisha kuna programu za kutunza kumbukumbu ya tafsiri, Trados na wenzake, ambazo zinatafuta sentensi uliyowahi kuitafsiri zamani na kuikata bei, kwa hoja kwamba umeshaifanya. Kinyozi hakatwi bei kwa sababu kichwa anakijua, lakini tuyaache hayo.

Fedha siyo iliyonikaa rohoni zaidi. Iliyonikaa rohoni ni fomu ya ridhaa.

Utafiti wa dawa au chanjo hauanzi mpaka kila mshiriki, au mzazi wake kama ni mtoto, aelezwe anaingizwa kwenye nini, akubali mwenyewe. Kwetu Tanzania maelezo hayo hupitiwa na kamati za maadili, ikiwamo ile ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na sharti yawe kwa lugha ambayo mshiriki anaielewa. Si jambo dogo. Chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike kwa watoto mnamo Oktoba 2021, ilikuwa imejaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika. Vituo vilikuwa 11. Bagamoyo na Korogwe vilikuwamo, na Kilifi kwa upande wa Kenya. Nyuma ya kila mtoto alikuwapo mtu mzima aliyekaa kwenye benchi, akaelezwa, akatia sahihi, au kama hajui kusoma, akatia dole gumba mbele ya shahidi.

Sasa yule anayelipa atajuaje kwamba kurasa hizo zinasema alichotaka kusema? Kiswahili hasomi. Kwa hiyo imebuniwa njia. Mimi natafsiri kwenda Kiswahili, kisha mfasiri mwingine, ambaye haruhusiwi kuuona waraka wa kwanza, anaichukua tafsiri yangu na kuirudisha kwenye Kiingereza. Mwenye fedha anaweka Kiingereza chake na hiki kilichorudi bega kwa bega, na penye tofauti ananiandikia: fafanua.

Njia hii ina busara yake. Inakamata namba iliyokosewa. Inakamata "si" iliyodondoka, na kwenye karatasi ya dawa "si" iliyodondoka inaweza kuua. Lakini tazama inamfanya nini mfasiri. Nikishajua kwamba sentensi yangu itarudishwa ikapimwe, naanza kuandika Kiswahili kinachorudi vizuri. Na Kiswahili kinachorudi vizuri kuliko vyote ni kile ambacho hakikuondoka. Naandika hivi: "Ushiriki wako katika utafiti huu ni wa hiari, na unaweza kujitoa wakati wowote bila adhabu au kupoteza faida ambazo ungestahili kuzipata vinginevyo." Hiyo itarudi bila mkwaruzo. Hakuna atakayeniuliza kitu. Mwenye fedha ataridhika, kamati itagonga muhuri.

Haya, msomee mama aliyempakata mtoto mwenye homa. Hiyo "vinginevyo" aiweke wapi? Ninyi mnaonisikiliza mnaweza kupima wenyewe, maana hali yenu na yake ni moja: hamna karatasi mkononi, mna masikio tu. Mimi ningependa asikie hivi: "Mama, ukitaka mtoto aingie, ataingia. Usipotaka, basi. Na hata akishaingia, siku yoyote ukiona hapana, mtoe. Hapa kituoni ataendelea kutibiwa kama mtoto mwingine yeyote, na hakuna atakayekulaumu." Kila kitu kimo humo. Lakini kikirudi Kiingereza kitarudi kirefu na chepesi, na mtu wa Geneva ataandika pembeni: mbona sentensi moja imekuwa nne? Faida ziko wapi? Nani amesema "mama", wakati sisi tuliandika "mzazi au mlezi"? Hilo la mwisho lina haki yake. Wapo kina baba wanaoleta watoto kliniki, na kina bibi ndio wengi zaidi.

Mara nyingine nashinda. Mara nyingi tunakutana njiani, kwa sababu ankara inasubiri.

Kuna mbinu moja ninayoiamini. Naomba wauguzi na wahudumu wa afya wa kituo waisome fomu kwa sauti kabla haijafungwa. Siwaombi waikague, maana ukimwambia mtu akague atakutafutia makosa ya tahajia. Waisome tu, kama wanamsomea mtu. Muuguzi akifika kwenye sentensi isiyobebeka, utamsikia anaishusha karatasi na kuendelea kwa maneno yake: "Yaani mama, hapa wanasema kwamba..." Hapo kwenye "yaani" ndipo tafsiri ilipotakiwa kuwa. Naandika anachosema baada ya "yaani", nakipeleka juu nikieleza kwamba kimetoka kituoni. Kikitoka kituoni husikilizwa kuliko kikitoka kwangu.

Msidhani kumsahau msomaji ni jambo la wageni na fedha zao. Tumelifanya wenyewe, miaka na miaka, mahali pazito kuliko kliniki. Nazungumzia mahakama.

Mahakama za Mwanzo za Tanzania zimekuwa zikitumia Kiswahili muda wote. Kuanzia Mahakama ya Wilaya kwenda juu, mambo yalikuwa hivi: shahidi anasimama kizimbani anaeleza kwa Kiswahili, wakili anamhoji kwa Kiswahili, na hakimu, ambaye Kiswahili hicho amekisikia na kukielewa vizuri kabisa, anainama na kuandika kwa Kiingereza, kwa mkono, kwenye jalada. Alikuwa hakimu na mfasiri kwa pamoja, na ile kazi ya pili hakuna aliyemfunza wala aliyemlipa. Shahidi akitaka kuhakikisha kilichoandikwa kwamba amekisema, ilibidi asomewe, kutoka Kiingereza kurudi Kiswahili, papo kwa papo. Kesi ikienda kwenye rufaa, majaji wa juu walisoma kile Kiingereza. Maneno ya shahidi mwenyewe yalishabaki, tuseme, Kahama. Mtu alifungwa kwa hukumu ambayo ilimbidi atafute wa kumsomea. Ukiuliza hukumu ile iliandikwa isomwe na nani, jibu ni kwamba iliandikwa isomwe na jaji mwingine.

Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, ikawa lugha ya sheria na ya mahakama ni Kiswahili, huku Kiingereza kikiachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Wengi mnakumbuka kilichotangulia. Siku ya Sheria, Dodoma, Februari mosi mwaka huohuo, Rais Magufuli alitangaza kumpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, na sababu aliyoitaja mbele ya majaji wote ni kwamba jaji huyo aliandika hukumu kwa Kiswahili kule Musoma. Yalisemwa mengi, kwamba ni siasa, kwamba vyeo havitolewi hivyo. Mimi nilimfikiria aliyeshindwa kesi. Hukumu ikiandikwa kwa lugha yake, anaweza kuishika, akaisoma peke yake usiku, akaweka kidole pale anapoona ameonewa.

Kuzigeuza sheria zenyewe ni kazi kubwa, na wenzangu walioingia humo nawahurumia, kwa sababu sheria nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza ambacho Mwingereza wa kawaida naye hakisomi.

Na kuna mahakama moja iliyowahi kusimama ikalitazama jambo hili usoni, hapahapa nchini, kule Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu ya Septemba 1998, ilitenga sehemu ya kueleza ugumu wa ushahidi uliotolewa kwa Kinyarwanda, ukapitia Kifaransa, ndipo ukafika kwenye Kiingereza. Majaji walimwita mtaalamu wa isimu kutoka Rwanda awaeleze mashahidi walikuwa wakisema nini hasa, na watu wa huko hulisemaje jambo ambalo ni aibu kulitamka. Hawakumlaumu shahidi kwa kukosa kunyooka, wala hawakumtupia mzigo mkalimani. Kwa maoni yangu, zile ni miongoni mwa kurasa bora kuhusu tafsiri zilizoandikwa katika ukanda huu, na hazikuandikwa na wafasiri.

Lakini wapo wafasiri waliobahatika, waliokuwa na msomaji wao mbele ya macho.

Wa kwanza ni Lufufu. Wana Dar es Salaam wa umri wangu mnaikumbuka sauti ile, iliyokuwa ikitafsiri filamu za kigeni kwenye mabanda ya video na baadaye kwenye kanda. Kenya wana DJ Afro. Kampala wana ma-VJ wao, wanaofanya hivyohivyo kwa Luganda. Wasomi wa tafsiri wanawabeza, maana mwigizaji akisema sentensi moja wao wanasema tano. Wanamwonya jambazi, wanamtania bibi harusi, wanakueleza kwa nini yule polisi hathubutu kumgusa tajiri. Mimi siwabezi hata kidogo. Banda lilikuwa na mabenchi, na kila aliyekaa kwenye benchi alilipa kiingilio kwa mkono wake. Asipoelewa atapiga kelele, akichoka atatoka, na kesho ataingia banda la jirani. Sijui mfasiri mwingine Afrika Mashariki aliyesahihishwa haraka namna hiyo. Runinga zilipoanza kutia sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kichina, kama ile ya Doudou na mama wakwe zake iliyooneshwa na TBC mwaka 2011, na baadaye za Kituruki, zilikuta watazamaji waliokwishazoea kudai kuelewa.

Wafasiri wa vitabu vya dini nao wana msomaji asiyenyamaza. Edward Steere, aliyefika Zanzibar mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alikaa kwanza kuwasikiliza wasimuliaji wa hadithi za Unguja, na mkusanyo wake ulichapwa mwaka 1870. Alijua kwamba atakayesomewa Injili ana sikio lililokuzwa na hadithi zile. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipotoa Qurani Takatifu kamili mwaka 1969, aliingia kwenye uwanja uliokuwa na moto tayari: ilikuwapo tafsiri ya Godfrey Dale ya mwaka 1923, ilikuwapo ya Ahmadiyya ya mwaka 1953, naye aliandika akizijibu. Watu waliisoma, wakaibishia, wakaihifadhi. Fomu ya ridhaa haijawahi kubishiwa msikitini.

Na Mwalimu Nyerere. Tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare ilitoka mwaka 1963, akairudia, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya The Merchant of Venice. Watu husifu kwamba kiongozi wa nchi alipata muda wa kutafsiri. Mimi naona wivu kwa jambo jingine: alirudia. Hakuna wakala atakayekupa kazi ileile baada ya miaka sita uiboreshe kwa sababu tu sasa unaisikia vizuri zaidi.

Nisije nikawadanganya kwamba kumfikiria msomaji kunatosha. Unaweza kumfikiria kwa moyo wote, kumbe unayemfikiria siye. Ebola ilipoingia Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ikaua watu zaidi ya 2,200, vipeperushi na matangazo vilitakiwa upesi kwa Kiswahili. Kiswahili kipi? Mtu wa Beni au wa Goma hasemi kama mimi. Ana Kifaransa chake ndani, ana sarufi yake, ana namna yake ya kumheshimu mkubwa. Shirika la Translators without Borders lilikwenda kuwauliza watu wenyewe, likakuta kwamba Kiswahili sanifu hakiwafikii wengi kama kile wanachokisema sokoni na nyumbani. Kwa anayelipa, Kiswahili ni kisanduku kimoja kwenye fomu ya oda. Ukishatia tiki umemaliza kuanzia Lamu mpaka Lubumbashi. Na sisi wa Dar es Salaam tunafaidika na kutojua huko, kwa kuwa oda inakuja kwetu. Ikinijia oda ya Goma, naomba mwenzangu wa kule alipwe naye, aiandike yeye na mimi niisome. Wateja wengine hukubali. Wengine humpa mtu mwingine wa Dar es Salaam.

Nyumbani kazi hii haina mlango wa kufunga. Kazi ya "mwisho wa siku" ya New York inanidai saa sita au saa saba za usiku. Kwenye daladala nasikiliza konda kuliko ninavyotazama njia, maana makonda na mama lishe ndio wanaojua kusema jambo likaeleweka kwa mara moja. Harusini nakaa mbali na spika, nisikie watu wanavyosema. Na mtaani ninayo kazi nyingine isiyo na ankara: watu wananiletea karatasi.

Wanaleta majibu ya hospitali, barua ya benki, hati ya bima. Zaidi ya yote wanaleta mkataba wa bodaboda ya mkopo. Kijana anapewa pikipiki, atalipa kila siku au kila wiki mpaka iwe yake, na mkataba ni kurasa kadhaa za Kiingereza, sahihi kila ukurasa. Kipengele kinachosema itachukuliwa akichelewa kulipa hakuna aliyemsomea. Hapa hata yule mfasiri wa kusimama katikati hakuajiriwa; hakuna aliyeona haja. Kwa hiyo tunakaa barazani jioni, vijana watatu wanne, nawasomea. Maswali yao yangemtoa jasho wakili. "Anti, wakiichukua, na hela niliyokwisha kulipa je?" "Anti, nikiumwa, siku zinahesabiwa?" Nageuza kurasa kutafuta jibu, na mara nyingi jibu halimo, maana aliyeuandika mkataba hakutarajia ausome mtu mwenye maswali hayo.

Sasa mashine. Google Translate ilianza kutafsiri Kiswahili mwaka 2009, na kwa muda mrefu tuliitumia kuchekeshana. Siku hizi hatucheki. Mawakala wananitumia kazi iliyokwisha kutafsiriwa na mashine, niinyooshe kwa sehemu ndogo ya bei ya zamani. Sentensi ni laini, sarufi ipo, upatanisho upo. Nikisoma naona kitu ninachokifahamu. Ni kile Kiswahili cha fomu, Kiswahili kinachorudi vizuri. Haishangazi, kwa kuwa yale tuliyoandika sisi ndiyo iliyoyasoma. "Vinginevyo" ile imeipata kwetu.

Bado inateleza, tena penye hatari. Saa, kwa mfano: miadi ya kliniki ya saa tatu asubuhi naikuta imeandikwa "saa 9 asubuhi". Mgonjwa wa Kilosa anajua saa tisa ni ya alasiri, atafika na kukuta mlango umefungwa. Mwenye fedha, akiirudisha kwenye Kiingereza kwa mashine ileile, ataiona saa yake ilivyokuwa, ataridhika.

Hata hivyo sitaki kuwa mchoyo. Juzi alikuja mmoja wa wale vijana wa barazani. "Shikamoo anti." "Marahaba." Nikanyoosha mkono nichukue mkataba, akaniambia hakuja kusomewa. Ameuelekezea kamera ya simu, ukurasa baada ya ukurasa, ameusoma wote kwa Kiswahili akiwa kijiweni, akisubiri abiria. Mashine haikulipwa na mtu yeyote wa Masaki kufanya hivyo, na mimi sikuwahi kumfikia kijiweni. Alikuwa na swali moja tu. Kipengele cha tisa, simu yake ilisema, kinampa mkopeshaji ruhusa ya kubadili kiasi cha malipo "kwa hiari yake".

"Hiari yake nani, anti? Yangu au yao?"

"Yao."

"Na yangu iko ukurasa gani?"

Tulikaa tukautafuta wote, kuanzia ukurasa wa kwanza. Aliandika maswali matatu pembeni kwa kalamu, kwa Kiswahili, akaupeleka mkataba ofisini kwao kabla hajatia sahihi. Karani alimwambia hajawahi kuulizwa mambo hayo, na kwamba yeye mwenyewe hajausoma. Arudi Jumatatu, meneja atakuwapo. Nimemwahidi tutakwenda pamoja.